Damu ya Mke Mdogo

Juzi, nikisubiri majibu yangu kwenye dirisha la maabara hapa Songea, wake wenza wawili kutoka Namtumbo walikuja kumchangia damu mume wao, ambaye jeraha lake lilikuwa linavuja kwa sababu damu yake haigandi. Mke mdogo akatangulia kutolewa. Mke mkubwa akamshika muuguzi mkono, akamwonyesha mwenzake kwa mdomo.

"Mwanangu, hiyo yake mwageni. Mume wangu awekewe yangu."

"Mama, zenu zote zinakwenda benki ya damu. Baba atapewa ya mtu mwingine, tena ile sehemu inayogandisha tu, tumeshaitenga."

"Huyo mtu ni mwanamke au mwanaume?"

Nilicheka sana. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu, aliyewahi kuongezewa damu, kama alimjua aliyemchangia.