Nafasi ya Mama Mghoi

Jumamosi iliyopita kwaya yetu ilitembea kutoka Bura hadi Mwatate kumkumbuka mama yangu, nami nikasikia tena harufu ile ya vumbi jekundu na leso mpya.

Nilipokuwa mdogo kwaya ilitembea hivyo hivyo kumkumbuka marehemu Mama Mghoi, aliyekuwa akiimba kando ya mama. Watu walichangia karo ya wanawe kwa kila maili iliyotembewa. Wanakwaya walijipanga kama kanisani, wakamwachia nafasi yake, na mama alitembea akiichunga asiikanyage. Mimi nilidhani nafasi ile ni ya mtoto aliyechoka. Nikajipenyeza, nikamshika mama mkono.

"Toka hapo, mwanangu," alisema kwa upole. "Hapo pana mwenyewe."

Nikarudi nyuma na watoto wenzangu, nikimwonea wivu mtu aliyekufa.

Sasa mimi ni mtu mzima, naimba alto kama mama, na Jumamosi nilijua nitatembea kando ya nafasi aliyoachiwa yeye. Lakini upande wake mmoja palikuwa na ukingo wa barabara, na upande wa pili wazee wa kwaya walikuwa wamemwachia Mama Mghoi nafasi yake.