Mdogo Wangu na Mwenzake Aliyeitwa Dari

Leo namsifu mdogo wangu, na anayeona namsifu mno asogee pembeni kidogo nimalize. Mimi ni msusi. Saluni yangu ina viti viwili, kioo kirefu kimoja na mashine ya kukaushia nywele inayounguruma kuliko inavyokausha, na mteja akishakaa kichwa chake kikiwa mikononi mwangu hana pa kukimbilia, atanisikiliza tu. Ndiyo maana wateja wangu walimjua mdogo wangu kabla hawajamwona.

Yeye ni msaidizi kwenye shule ya chekechea. Ndiye anayefuta kamasi, ndiye anayefunga kamba za viatu, ndiye anayembeba mtoto aliyekataa kuachwa getini, na mwalimu akiumwa ndiye anayeshika darasa zima bila mtu kumwambia ahsante. Masomo ya ualimu alikuwa anasoma kwa simu, chuo cha mtandaoni, taratibu, jioni akishapumzika. Alipobakiwa na somo moja tu, mwalimu mkuu akamwita ofisini. Darasa la watoto wadogo kabisa linabaki wazi, akamwambia. Maliza hilo somo, darasa ni lako. Usipomaliza, natafuta mtu wa nje, na wewe utamsaidia kama kawaida. Alikuja saluni kuniambia hayo huku anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikamwacha mteja na chanuo kichwani nikamkumbatia.

Sasa hilo somo la mwisho halikuwa na karatasi ya mtihani. Wanafunzi wanapangwa kundi, wanaandika kazi moja, halafu siku ya siku mkufunzi anawaita wote kwenye skrini, anamchagua mmoja tu, yeyote atakayemtaka, anamuuliza swali. Maksi za huyo mmoja ndizo maksi za wote. Mwenzako akivurunda, na wewe umevurunda. Nilipoelezwa nilisema hii si shule, hii ni kamari.

Na kundi lenyewe, ungeliona. Walikuwa wanne, hawajawahi kuonana ana kwa ana. Kulikuwa na kijana mmoja mwepesi wa kuandika, akajipa uenyekiti kabla hajaulizwa, basi wakamwita Mwenyekiti. Kulikuwa na bwana wa makamo ambaye kila akiombwa maoni anajibu, "Nakubaliana na mwenzangu," na jina lake likawa hilohilo, Nakubaliana. Wa nne alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyejua sura yake. Kila kikao kamera yake inaonyesha dari, dari tupu lenye taa ndefu, na yeye hasemi kitu. Huyo wakamwita Dari.

Ilipobaki kama mwezi kufika siku ya mkufunzi, Mwenyekiti akatoa hoja kikaoni. "Huyu Dari tumtoe. Mkufunzi akimchagua huyu, tumekwisha."

"Nakubaliana na mwenzangu," akasema Nakubaliana.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya mdogo wangu, na mimi moyoni nikakubaliana nao wote wawili. Yeye akauliza, "Mmeshamuuliza mwenyewe?" Dari hakuwepo siku hiyo. Mdogo wangu akasema basi hatolewi mtu mpaka aulizwe, akafunga kikao.

Nikamjia juu. Nikamwambia, wewe unatafuta darasa au unatafuta ndugu? Muhula mpya wa shule yenu unakaribia, mwanamke mwenyewe humjui, yakiharibika ataharibu la kwako, yeye atabaki na dari lake. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Dada, mimi naenda kukaa na watoto wa miaka minne. Yule asiyeongea, nimtoe nje?"

Akampigia Dari simu. Kumbe Dari anapiga pasi kwenye duka la dobi, na muda wa vikao ndio muda nguo za wateja zinatakiwa zitoke. Simu anailaza juu ya meza ya kupigia pasi, anasikiliza kila neno. Akifungua mdomo, mwenye duka anamkaripia. Alikuwa anajua kazi ya kundi kuliko Nakubaliana, ila hakuwahi kupata mahali pa kuisema. Alimwambia mdogo wangu kwamba amechoka na pasi, anataka kufundisha watoto, na kwamba alishajua wenzake watamtoa, alikuwa anangoja tu siku.

Mdogo wangu akarudi kwa wenzake na neno. Mpaka hapo walikuwa wanafanya kama makundi yote yanavyofanya: kazi imekatwa vipande vinne, kila mtu ametoweka na chake, Mwenyekiti anasubiri aviunganishe. Mdogo wangu alipoisoma kazi yote kwa mara ya kwanza akakuta ukurasa mmoja unasema mtoto hujifunza kuhesabu kwa kuimba, na unaofuata unasema nyimbo za namba hazimsaidii mtoto chochote. Akawasomea. Mwenyekiti akakohoa.

"Kuanzia leo," mdogo wangu akasema, "hakuna kipande changu wala chako. Mimi nitaeleza cha Dari, Dari ataeleza changu, ninyi wawili mbadilishane, halafu tunazunguka tena. Kwa sauti, tunatumiana. Eleza kama unamweleza mtoto. Usipoelewa, sema."

Mwenyekiti alinuna, akasema huko ni kuzungushana bure. Lakini sauti zikaanza kuja. Dari alikuwa anasikiliza za wenzake akipiga pasi na anatuma yake akitembea kurudi nyumbani, unasikia na viatu vyake. Mara ya kwanza alieleza vibaya. Mdogo wangu hakumwambia umekosea, alimuuliza tu swali jingine, na jingine, mpaka mwenyewe akasema, "Subiri, hapo nimejichanganya." Siku moja Nakubaliana akatuma sauti, akasema, "Mimi hapa sikubaliani." Mdogo wangu alicheka mpaka ikabidi akae chini, na mimi na mteja wangu tukacheka bila hata kujua anabisha nini.

Siku ya mkufunzi ikafika, mchana wa Jumamosi. Mtihani ukafanyiwa saluni, kwa sababu mtandao wangu ni wa uhakika, na mimi ndiye niliyejitapa hivyo. Nilifunga mlango na mapazia. Ndani alibaki mteja mmoja tu, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama wima, amekataa katakata kutoka barabarani na hali ile. Nikamwambia kaa, lakini nisisikie hata pumzi yako. Simu tukaiegemeza kwenye chupa ya shampuu.

Mkufunzi akawasalimia, akawakumbusha kwamba mtu akikatwa na mtandao, mwenzake yeyote apokee hapohapo alipoachia. Kisha akamtaja mdogo wangu.

"Mtoto anahesabu moja mpaka kumi bila kukosea," akasema mkufunzi. "Ukimtuma akuletee vikombe vinne, anakuletea vyote. Utafanya nini?"

"Kwanza simcheki," mdogo wangu akaanza, sauti imetulia. "Huyo anazijua namba kwa mdomo, bado hajazijua kwa mikono. Kwa hiyo naweka mezani sahani..."

Giza. Mteja wangu, kwa wema wake, alikuwa amewasha birika la umeme apate maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele zake, na birika hilo na umeme wa saluni yangu haviivi. Swichi kuu ikaruka. Sikusema alichostahili kuambiwa, nilikimbilia ukutani nikairudisha, lakini kile kisanduku cha mtandao kinapoamka hakina haraka, taa zake zinapepesa tu. Mdogo wangu alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Niliona mwaka mzima unakwenda, na darasa linakwenda nao, na mtu wa nje anaingia.

Taa ikatulia. Kabla picha haijarudi, sauti ikaja, ya mwanamke, na nyuma yake mvuke wa pasi unafoka.

"...sahani nne, kila sahani ipate kikombe chake. Akimaliza, vikombe vingine vitabaki mkononi. Hapo simwambii kitu, namwachia avitazame. Mimi hapa kazini nilianza hivyohivyo na mashati, kila shati na hanga yake ya kutundikia, ndipo nikajua hesabu imekaa."

Ni Dari. Skrini ikarudi, na dari ndilo lililokuwa pale, na mahali fulani karibu mwanamume analalamika, na yeye hanyamazi. Mkufunzi akamtupia swali jingine, gumu. Nikamsukuma mdogo wangu kwa kiwiko. Nikamnong'oneza, umerudi, ongea, hizo ni maksi zako. Akanitupia jicho moja tu, akaweka kidole mdomoni. Dari akasita, akaanza upya, akajichanganya, akajirekebisha mwenyewe, akajibu. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mbele, midomo inatikisika kidogo, kama wanavyofanya watu wanaolisha watoto.

Mkufunzi akaandika kitu. Kisha akasema, "Wewe mama niliyekuchagua, nakuona umerudi muda mrefu. Maksi zako zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mbona hukuingilia?"

"Angenishangaa," mdogo wangu akasema. "Nimemfundisha mwenyewe, halafu anajibu vizuri, nimkatishe?"

Mkufunzi alivua miwani, akaifuta, akasema wamefaulu wote wanne. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia kabla hajafika kwenye maksi.