Dada Yangu Kwenye Foleni

Usiku ule nililala na furaha ambayo haikuwa halali yangu. Jioni Feza alikuwa amenipigia simu kutoka mji wanakoishi yeye na mumewe, mwendo wa saa mbili kwa basi, akaniambia binti yao wa kwanza, mwenye siku nne tu, watamwita Yulita. Yulita ni mimi. "Si ndivyo tunavyofanya kwetu, Mama? Msichana wa kwanza anachukua jina la bibi yake mzaa mama." Nikapiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari lake, maana huku ugenini watu hawajazoea vigelegele. Baba Musa, mume wangu, hakucheka. Alinitazama tu, akaenda kulala.

Yeye anajua. Feza si mtoto wangu wa kumzaa. Ni wa dada yangu Adela.

Tulivuka ziwa pamoja, Adela na mimi, tulipokimbia vita Kongo, tumebanana kwenye boti la mizigo na Feza wa miezi mitano katikati yetu. Baba yake Feza alipotea siku ya kwanza ya mapigano. Ng'ambo, kwenye kituo cha mapokezi, homa ikamshika Adela, na siku ya tisa tukamzika. Kesho yake ilikuwa zamu yetu ya kuandikishwa. Foleni nzima ilikuwa inanong'ona kwamba yatima wanaandikwa kwenye kadi yao peke yao, na mwenye kadi yake huenda akapelekwa kambi nyingine, hata nchi nyingine. Kama ni kweli sikujua, na sijui mpaka leo. Karani alipouliza, "Huyu mtoto ni wa nani?" nikajibu, "Wangu." Nilikuwa na miaka kumi na minane, sijawahi hata kuchumbiwa.

Baada ya hapo hakukuwa na njia ya kurudi nyuma. Kila mahojiano ya kutafutiwa nchi ya kutupokea, nayo yalikuwa mengi, walinirudisha palepale. Mtoto ulimzalia wapi? Nani alikuzalisha? Nami nikawaeleza uchungu wa uzazi, ule niliousikia kwa Adela nikiwa nje ya mlango. Ukibadilisha neno moja, faili linafungwa. Tulipofika huku, mimi na Baba Musa aliyenioa kambini, Feza, na wavulana wetu wawili, hofu ya maofisa ikaisha taratibu. Ikabaki hofu ya Feza. Nilijisemea nitamwambia akimaliza shule. Halafu nikasema akiolewa. Miaka ishirini na saba ikapita hivyo, na picha ya Adela hatuna hata moja.

Basi nikalala. Ndotoni nilikuwa jikoni kwangu, hapahapa ghorofa ya nne, nasonga ugali wa muhogo. Nikaona sakafu ina mchanga. Nikasema, hawa watoto wametoka kucheza wapi? Nikainua macho, na jiko halikuwepo. Nipo kwenye foleni. Jua ni kali, jua la kweli, si hili la huku ambalo ni la mapambo. Mbele yangu watu wamejitwisha masufuria, na nyuma yangu kuna mtu anapumua karibu na shingo yangu. Nageuka. Ni dada yangu.

Amevaa kitenge kile cha bluu tulichomzika nacho. Nywele zake zimesukwa upande mmoja tu, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa. Nilikuwa namsuka milio ya bunduki ilipoanza, tukakimbia, na hatukupata siku ya kumalizia. Moyo unataka kunipasuka kwa kumwona. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba ni kasichana. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ananichapa nikichelewa mtoni, sasa ni mdogo kuliko mtoto wake.

Anakaa chini kati ya magoti yangu, nami nimekalia kigoda chetu cha nyumbani, wala sijui kimefikaje. Naanza kusuka upande uliobaki. Kichwa chake kina joto. Nasema moyoni, nisuke polepole, maana nikimaliza ataondoka. Nikawa nafumua mstari na kuurudia, nafumua na kuurudia. Foleni inasogea, sisi tumeketi, na bado tunasogea nayo.

Kisha tuko mbele ya meza. Karani ni yuleyule, na kalamu ya pili ameichomeka nyuma ya sikio kama siku ile. Anamwonyesha Adela kwa kidole.

"Na huyu ni nani?"

Nafungua mdomo, sauti haitoki. Jibu nalijua, ni dada yangu, hakuna neno rahisi kuliko hilo, lakini ulimi umekufa ganzi kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Karani anangoja. Foleni yote inangoja. Adela naye ananitazama, na ninalia kwa aibu, maana naona anangoja pamoja nao.

Karani akageuza ukurasa.

Meza haipo tena. Tuko kando ya maji, sisi wawili, na nikajua amekuja kumchukua mtoto. Nikapiga magoti.

"Dada, nisamehe. Nimemlea vizuri. Usininyang'anye Feza."

Akanishika kidevu, kama zamani nilipokuwa nanuna. "Nani amekuja kudai?" akasema. "Ungemwacha kwenye foleni ile, hapo ningekudai."

"Na jina? Mjukuu wako wanampa jina langu. Nafasi ile ni yako."

"Wampe jina wanalolitaka." Akayatazama maji. "Wewe mwambie Feza kwamba nilikuwepo."

Nikanyoosha mikono nimkumbatie, nikaamka nimekumbatia mto.

Kulikuwa kumekucha, dirisha jeupe kwa theluji. Baba Musa ameketi ukingoni mwa kitanda. "Umemwita," akasema. "Umelitaja jina lake kwa sauti. Sijawahi kukusikia ukilitaja."

"Amesema nimwambie."

Hakuuliza nimwambie nani. Akanipa simu.

Nilikusudia kumwambia Feza nakuja tu, mengine tuongee tukitazamana. Lakini aliposema, "Mama, mbona mapema, kuna nini?" nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama na gauni la kulalia. Kwamba kulikuwa na Adela, dada yangu. Kwamba ndiye aliyemzaa, akamnyonyesha miezi mitano, akamvusha ziwa amemfunga kifuani. Kwamba mimi ni mama yake mdogo, na niliandikisha uongo.

Nilimsikia mtoto akilia, na Feza hambembelezi. Nikawaza, siku niliyokuwa naikimbia ndiyo hii. Baba Musa akanishikia simu sikioni.

"Aliniitaje?" Feza akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Feza. Jina hilo alikupa yeye siku uliyozaliwa. Mbele ya karani nilibadilisha mengine, hilo sikuthubutu."

Sikujua kama analia. Nilisikia akimnyanyua mtoto, akimpigapiga mgongoni mpaka akatulia. Sikukata simu, naye hakukata.

"Mama," akasema, "basi la saa tatu utaliwahi? Vaa vile viatu vizito, huku kuna barafu."