Msamaha Alioukataa Dorcas Pell

Dorcas Pell alikuwa mjane, muuza bata bukini, na ulimi wake haukujua kupinda. Bwana Garrod, tajiri mwenye ardhi, alipolifunga kwa mnyororo lango la malisho yake, kijiji kizima kikakosa njia ya kanisani. Na kwetu kila mtu anajua: palipopita jeneza, njia haifungwi. Basi kesi ilipofika mahakamani, Dorcas akabusu Biblia mbele ya jaji akasema, "Mama yangu mzazi alibebwa pale pale. Mimi nilikuwa nyuma ya jeneza, viatu vimelowa."

Garrod angeshindwa, haki ya Mungu! Lakini akaleta wachunga kondoo wake wawili, watu wanaokula kwake, wakaapa kuwa maiti ilipita barabara kuu. Hapo shahidi akageuzwa mshtakiwa: eti ameapa uongo. Mwanamke mzima akabanwa shingo na mikono kwenye mbao za adhabu pale sokoni, ili wapita njia wamtupie uchafu.

"Bi Dorcas, bata leo bei gani?" karani wa Garrod akamcheka.

"Sogea nikutemee bei yake."

Hakuna aliyemrushia hata ganda la yai. Lakini tangu siku ile kiapo chake hakikupokewa tena mahakamani, na lango likabaki limefungwa.

Baadaye mchunga kondoo mmoja, Amos Quantrill, akikata roho, akamwungamia kasisi kwamba alilishwa maneno. Wakili wa kijiji, Inskip, akahangaika mpaka London, akarudi na msamaha wa mfalme.

"Upokee, Bi Dorcas. Neno lako litasikika tena, nasi tutaidai njia upya."

"Anisamehe nini?"

"Ni maneno ya sheria tu, mama."

"Na yale ya Garrod yalikuwa ya nini? Anayesamehewa amekosa. Mimi sikumsingizia mama yangu njia!"

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndiyo maana mbao hazikukivunja."

Majirani wakamlaumu, maana miguu iliyozunguka kwa barabara kuu kwenda kanisani ilikuwa yao. Akawaambia, "Nikifa nipitisheni malishoni. Nyote. Halafu na waape tena."

Alifariki theluji ikiwa bado chini. Mhunzi akaukata mnyororo mchana kweupe, tukapita na jeneza, wazee, wanawake, watoto mgongoni. Garrod alitoka na karani wake, akatutazama uso kwa uso, akarudi ndani.

Sasa na alete wachunga kondoo wake waape kuwa hatukupita!