Blanketi Lililokwenda Kinyume cha Jua

Mpaka leo nikinusa lavenda, yale manukato ya maua, najiondokea. Alinitia kinyaa hicho mtu mmoja, mbele ya shangazi yangu Effie binti Ruairidh.

Shangazi alizaliwa hapa hapa kisiwani Cape Breton, Kanada, kizazi cha tano tangu wazee watoke Uskoti. Kiingereza alichapiwa shuleni mpaka kikaingia. Alikamua ng'ombe, akazika mume, akachuna samaki kiwandani miaka ishirini. Nje ya bonde letu hakuna aliyemjua. Lakini kichwani alikuwa na wimbo wa kaka yake Ailig, baba yangu mkubwa, fundi wa kutunga. Ulikuwa na beti ishirini na mbili za Kigaeli, lugha ya wazee hao, kila ubeti nyumba moja ya bonde hili iliyofungwa mlango, na watu wake walikohamia: Boston, Detroit, kokote kule. Haukuandikwa popote.

Na haukuwa wimbo wa kujiimbia peke yako. Ni wa mezani, watu wamezunguka, wanaponda blanketi jipya lililoloweshwa ili sufu ishikane, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Tangu Ailig afe haukuimbwa tena. Shangazi alitaka uimbwe wote mara moja tu kabla hajafa, apatikane wa kuudaka.

Basi Chama cha Urithi kikatangaza sherehe ya Waskoti wa dunia nzima. Mwenyekiti, Sterling Drummond, alitoka Toronto na sketi tatu za tartani sandukuni, zile za mirabaraba wanazovaa wanaume wa Kiskoti, akaja mwenyewe jikoni kwa shangazi.

"Mama Effie, utauimba wote. Neno langu hilo."

Kiangazi kizima shangazi aliufanyia mazoezi akianika nguo.

Siku ikafika. Haggis, yale matumbo ya kondoo ya Kiskoti, tena ya mkebe, ptuu! Chakula cha paka kina heshima kuliko ile. Drummond akapanda jukwaani akawaambia wageni kwamba zamani sufu ililowekwa kwenye mkojo uliolala, huku ameziba pua. Wageni wakakunja nyuso, wakacheka. Kisha akachukua blanketi la dukani, la nailoni, akalipulizia lavenda.

"Mkojo ulikuwa na kazi," shangazi akaninong'oneza. "Hili linanuka choo cha hoteli."

Tukakaa mezani. Drummond akamwinamia. "Beti mbili tu, mama, wageni wana njaa. Na blanketi lipitishwe upande wa kulia, kamera inataka kuniona vizuri."

Upande wa kulia! Hapa kwetu blanketi linafuata jua, linakwenda kushoto, na hata mlevi analijua hilo. Likienda kinyume, balaa inamwangukia anayetajwa kwenye wimbo. Wazee wawili wakainua mikono wasiliguse. Mmoja wao, Mzee Hector, akasema, "Huyu akili zimemruka?"

"Ailig hapiti njia hiyo," shangazi akaniambia.

Akaanza wimbo mwingine, ambao sijawahi kuusikia. Drummond akaponda meza kwa ngumi mbili, jasho linamtoka, na kiitikio akakipaza kuliko sisi sote. Wazee walicheka mpaka machozi. Kigaeli changu ni cha kuombea chumvi, lakini nilishika neno "magoti" na neno "duka", nikajua ni mipasho, na anayepashwa ndiye anayeitikia. Nilifurahi sana! Nikaitikia kwa nguvu.

Kesho yake nilimkuta shangazi akimenya viazi.

"Shangazi, jana ulimpasha yule bwana, akajiitikia mwenyewe!"

"Beti tatu zilikuwa zake," akasema. "Wa nne ulikuwa wako."

"Wangu? Mimi nimekosa nini?"

"Mtoto wa ndugu yangu, miaka arobaini anakaa mlango wa pili. Hajajifunza hata ubeti mmoja. Ila kuitikia, anaitikia."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angenitukana. Nilijiona mchafu, mimi na yule wa lavenda sawasawa.

"Nifundishe wa Ailig," nikasema.

Akaendelea kumenya. Nikatoa simu nimrekodi, akaigeuza kifudifudi. "Hii inaitikia?"

Akafuta mikono, akalowesha kitambaa cha vyombo, akakisukuma mezani upande wake wa kushoto, kikanifikia.

"Ponda."

Hiyo ilikuwa Oktoba. Hakunivusha ubeti mpaka niuimbe bila kosa, na mimi ni mzito wa kushika. Machi tukamzika.

Ninazo beti tisa. Hizo nyumba kumi na tatu nyingine napita mbele ya mashimo ya misingi yake kila siku nikienda dukani, na sijui ni za nani.