Jua Lenye Madoa Mawili

Mtaani walimwita Mama Brashi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Alikuwa fundi wa kuchora mabango na kuta. Sharti lake liliwachosha wateja: hachori kitu ambacho hakijaonekana. Mwenye bucha alipotaka ng'ombe ukutani, ilibidi kwanza ampeleke akamwone ng'ombe. Kinyozi naye alikalishwa kitini mchana kutwa, shingo ikamkakamaa, mpaka kichwa chake kikaisha kuchorwa.

Siku moja shule ikamwita. Mwalimu mkuu alitarajia wageni, akataka ukuta wa maktaba uchorwe nyota moja ya mbali, inayofanana na jua letu, pamoja na sayari zake mbili. Mama Brashi akauliza ni nani aliyeziona. Mwalimu wa sayansi akamweleza kwamba hakuna. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo; ikishapita, mwanga hurudi. Hivyo ndivyo zilivyojulikana.

Akapanda ngazi, mumewe akaishika. Akachora jua kubwa, la manjano iliyoiva, ukilitazama unahisi joto. Kisha akatia madoa mawili meusi, akashuka.

Mwalimu mkuu akashika kiuno. Akasema aliagiza sayari, si vinyesi vya nzi. Moja iwe ya bluu yenye mawingu, nyingine iwe na pete.

"Mwalimu, pete umeiona wapi?"

"Si lazima niione, mama. Wageni watapenda."

"Kilichoonekana ni mwanga kupungua. Nimeupunguza."

Mumewe akamnong'oneza ampe tu hiyo bluu, yaishe, kazi zenyewe siku hizi za kuokoteza. Akaambiwa ashike ngazi, ulimi auache.

Mwalimu mkuu akatishia kuleta fundi mwingine. Mama Brashi akaosha brashi zake palepale mbele yake, taratibu, akaondoka. Kesho yake fundi mwingine akaja kweli. Jua akaliacha vilevile; doa moja likapakwa bluu, la pili likazungushiwa pete. Wageni wakapiga picha.

Watu walidhani ataona haya kupita pale. Wapi. Kila alipokwenda sokoni alipita ukuta uleule, kichwa juu, mumewe nyuma na kikapu. Hakubadili njia mpaka maradhi yalipomlaza, na hakuinuka tena.

Kabla ya hapo, muuza mkaa alimchokoza: ile sayari yenye pete kaichora yeye?

Akasimama katikati ya barabara.

"Jua ni langu," akasema. "Hayo mapambo waulize waliofika huko."