Kisanduku Kisicho na Feni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kompyuta. Nilipewa brashi ya rangi. Mkuu wa Idara ya Ufundi alinipeleka kwenye chumba cha mashine, akafungua seva iliyokuwa imekufa asubuhi ile. Seva ni kompyuta isiyopumzika, inayozitumikia kompyuta nyingine. Ndani yake vumbi jeusi la lava, lile lile tunalolifagia barazani kila siku hapa Goma, lilikuwa limeshikana kwenye feni mpaka haizunguki tena.

"Mama, angalia muzuri," akaniambia. "Batakuambia mashini inakufaka na courant, umeme mubaya. Hapa kwetu inakufaka na vumbi. Mbele ya kufungua kitu chochote, weka mukono juu yake. Kama iko moto, mukono njo itakuambia wa kwanza."

Nilikuwa msichana pekee katika idara, na nilinuna siku nzima nikidhani ananidharau. Vijana mnaosoma haya, mkipewa brashi siku ya kwanza, msinune. Brashi ile ninayo mpaka leo.

Kituo changu cha pili kilikuwa mtaa wa Mabanga, hapa hapa Goma, chini ya Mkurugenzi wa Ufundi, mtu wa koti na tai hata wakati wa joto. Yeye alipenda ukubwa. "Serveur ya kweli," alikuwa akisema, "mutu mumoja hawezi kuibeba." Nami nikataka kumfurahisha. Nilipoambiwa nichague mashine ya ofisi mpya, nikachagua dude la mtumba kutoka Ulaya ambalo wanaume wanne walilibeba wakihema. Siku tuliyoliwasha, majirani walikuja kuuliza kama tumefungua kinu cha kusaga muhogo. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa limemaliza betri zote, na kabla ya mwezi kwisha feni zake zilikuwa zimekula vumbi la mtaa mzima.

"Nani alichagua hii kitu?" Mkurugenzi akauliza, kana kwamba hajui.

"Ni mimi, Monsieur le Directeur."

"Bon. Lundi uko Bunagana."

Niliona haya, na Jumatatu hiyo nililia njia nzima mpaka mpakani. Hata hivyo Bunagana ndiko nilikopata mambo mawili mema ya maisha yangu. La kwanza ni dereva wa lori aliyenibeba siku hiyo, Ramazani, ambaye baadaye alinioa. La pili ni Mkuu wa Kituo, mzee mpole aliyeendesha mtandao wa ofisi yake mpakani kwa paneli moja ya jua na betri moja.

"Mashini usiiulize inaweza nini," alinifundisha. "Uliza kwanza inakula nini."

Huko ndiko nilikojifunza kuheshimu wati, yaani kipimo cha ulaji wa mashine. Nilizunguka vituo vingine vingi baada ya hapo, na kila nilipokwenda nilichagua mashine ndogo. Wenzangu walinicheka, mashine zangu zikaishi. Nikastaafu.

Nilidhani nimemaliza. Kisha binti yetu Zaina akapata kazi ya kutafsiri kwa simu. Daktari yuko nchi ya mbali, mgonjwa ni mtu wetu asiyejua lugha ya huko, na Zaina yuko katikati, ameketi chumbani kwake hapa nyumbani. Alikuwa bado katika majaribio, na laini ilikuwa imemkatikia mara mbili akiwa kazini. Msimamizi wake akamwambia wazi kwamba kutakuwa na simu moja ya mtihani, Alhamisi saa nne asubuhi. Ikikatika, hakuna mkataba. Zaina akavuta sanduku lake la safari kutoka chini ya kitanda, akaliweka kando ya mlango. Bila mkataba angehamia Kampala, ambako rafiki yake alikuwa amemwekea nafasi dukani. Baba yake alikuwa akilipita sanduku lile bila kuliangalia.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni fundi! Nyumba yetu ilihitaji lango la mtandao, mashine inayosimama kati ya nyumba na laini za nje. Lango huwazuia wavamizi, hugawa laini kwa simu na kompyuta za nyumbani, na laini moja ikianguka huhamia nyingine yenyewe. Laini tulikuwa nazo mbili, ila mlinzi wa mlangoni hatukuwa naye. Nikawapigia simu mafundi wenzangu wa zamani, na kufikia Jumamosi nilikuwa na mashine tatu mezani. Lo, furaha niliyokuwa nayo! Niliizunguka meza nzima nikicheka peke yangu.

Ya kwanza ilikuwa kompyuta ya ofisi. Ina nguvu, ndiyo, lakini feni yake ilinikumbusha Mabanga, nikairudisha kwenye katoni yake. Ya pili ilikuwa kibao kidogo kinachoenea kiganjani, kompyuta nzima ndani yake. Ulaji wake ni wa ndege, nikakipenda, lakini kina tundu moja tu la kebo, na kinahifadhi kila kitu kwenye kadi ndogo ambayo umeme ukikatika ghafla mara kadhaa huharibika. Hapa kwetu umeme hukatika ghafla, mnajua. Ya tatu ilikuwa kisanduku cha chuma chenye mifereji mgongoni. Matundu mawili ya kebo, moja kwa kila laini, diski imara ya ndani, na kinakunywa volti kumi na mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri yetu. Na feni hakina! Joto lake linatoka kupitia kwenye ile mifereji ya mgongoni, polepole, mwili mzima.

"Huyu!" nikapiga kelele. Ramazani akaja mbio akidhani nimeumia.

Jumapili nilikifunga sebuleni. Nikachomoa laini ya kwanza makusudi Zaina akiwa anaongea na shangazi yake, na shangazi akaendelea kusengenya kama kawaida, hakujua lolote. Jumatatu, Jumanne na Jumatano hakikutikisika. Nilitembea kwa maringo.

Alhamisi, saa tatu na nusu, kikazimika.

"Mama! Hakuna laini!" Zaina alitoka chumbani mikono kichwani.

Nikaangalia kebo. Nzima. Betri imejaa. Laini zote mbili ziko hai. Nikakaza tena kila kiungio, nikamtukana fundi aliyeniuzia, nikajitukana na mimi. Miaka yote ile ya kazi, na nimeshindwa na mashine ya nyumbani kwangu! Dakika kumi zikapotea hivyo. Kisha, kwa uchovu tu, nikaegemeza mkono juu ya kisanduku, na mkono ukaruka kwa joto.

Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha mama mkwe wangu, kimekunjwa mara nne. Nilikuwa nimekitazama muda wote bila kukiona. Nyumbani kwetu televisheni imefunikwa, redio imefunikwa, hata birika limefunikwa. Kisanduku kilikuwa kimezibwa pumzi, kikajizima ili kisiungue.

"Ramazani! Nani alifunika hii?"

"Ni miye," akajibu taratibu. "Asubuhi upepo ulileta vumbi mingi. Ulisema Alhamisi njo siku yenyewe. Nikasema nimulinde."

Ungemgombeza vipi mtu kama huyo? Hata kwenye lori lake kitambaa kilitandikwa mbele ya usukani. Nikampa sinia, nikamwambia apepee. Mzee wangu akapepea kama anayewasha makaa ya mishikaki, jasho linamtiririka, nami nikishika kisanduku kila dakika mpaka kikapoa. Saa nne kasoro dakika tatu nikakiwasha. Taa ya kijani ikarudi.

Tulisimama nje ya mlango wa Zaina. Katikati ya simu taa ya laini ya kwanza ilizimika, nikamshika Ramazani mkono, lakini sauti ya Zaina haikukwama hata kidogo. "Mama, usiogope," alikuwa akimwambia mgonjwa wa mbali. "Niko hapa, sitoki."

Mkataba ulifika kabla ya adhuhuri. Sasa nimestaafu kweli, na kila asubuhi naweka mkono juu ya kisanduku kama nilivyofundishwa siku ya kwanza.

Siku ile Ramazani alibaki amesimama sebuleni na kitambaa cha mama yake mkononi.

"Sasa hii nitaiweka wapi?"

Akazunguka nyumba akitafuta. Mwishowe akakikunjua, akakitandika vizuri juu ya sanduku la safari la Zaina, na katikati yake akaweka chombo cha maua.